Simu ya Dharura Ikiita: Mwongozo wa Mpokea Simu Mpya wa Gari la Wagonjwa

Kila tukiletewa watu wapya kwenye zamu, maswali ni yale yale. "Nianze kuuliza nini?" "Nikate simu wakati gani?" "Gari ni moja, simu ni mbili, nifanyeje?" Nimechoka kuyajibu kwa mdomo saa tisa usiku huku simu nyingine inaita, kwa hiyo nimeyaandika. Yanamhusu yeyote anayekaa kwenye meza ya kupokea simu na kutuma gari hapa Tanzania, iwe ni chumba cha m-mama kinachopokea 115 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, iwe ni hospitali yenye gari lake na namba yake yenyewe. Kwa majirani namba ni nyingine, Rwanda 912, Kenya 999, lakini anayepiga ni yule yule: mtu aliyechanganyikiwa, simu yake ina chaji ya kubahatisha, na nyuma yake watu sita wanampa maelekezo kwa wakati mmoja.

Hii si kozi ya uuguzi. Kama meza yako ina kadi za maswali au programu ya kompyuta inayokupangia maswali, ifuate. Kadi za namna hiyo si jambo jipya; daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City, Marekani, alianza kuziandika mwishoni mwa miaka ya 1970 ili mpokea simu asitegemee kumbukumbu zake usiku wa manane. Ninachokupa hapa ni namna ya kuuliza maswali hayo kwa Kiswahili, kwa mtu anayelia.

KABLA HUJAKETI

Fika robo saa mapema. Hakikisha una:

- Simu mbili, ya kupokelea na ya kupigia. Ukiwa na moja tu, ukimtafuta dereva umeshawafungia mlango wanaokupigia wewe.
- Daftari la simu na kalamu mbili, hata kama kompyuta ipo. Umeme hukatika.
- Orodha ya magari ya leo. Usikubali karatasi ya jana. Mpigie kila dereva mwanzoni mwa zamu: yuko wapi, mafuta kiasi gani, mtungi wa oksijeni una kitu au ni pambo, machela ipo. Chukua namba zake mbili.
- Orodha ya vituo: kipi kinafanya upasuaji usiku huu, kipi kina damu, kipi kina oksijeni. Kituo kilichokuwa na mtaalamu wa usingizi Jumatatu kinaweza kukosa Jumanne.
- Ramani ya eneo lako yenye majina wanayotumia watu, si ya serikali peke yake.
- Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Utaona kazi yake hatua ya tatu.
- Namba za wenzako zikiwa zimebandikwa mbele yako: Polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114, na ya mafundi wa umeme wa wilaya.
- Maji ya kunywa. Koo likikauka sauti hupanda, na sauti yako ikipanda ya mpigaji inapanda zaidi.

HATUA KWA HATUA

1. Pokea, jitaje, shika usukani

Sentensi moja inatosha: "Huduma ya dharura ya gari la wagonjwa, uko wapi?" Usiseme "Haloo" ukanyamaza, maana mpigaji ataanza hadithi tangu mgonjwa alipoamka asubuhi.

Salamu je? Huulizwa sana. Akikusalimu, itikia kwa neno moja kisha endelea. Ukisikia sauti ya mzee, "Shikamoo baba, uko wapi?" inakula sekunde moja, na mzee aliyeheshimiwa atakujibu vizuri dakika nzima inayofuata. Niliwahi kuruka shikamoo kwa bibi mmoja, akatumia nusu dakika kunifundisha adabu huku mjukuu wake anahema nyuma yake. Tangu siku hiyo natoa shikamoo.

Akipiga kelele, usimwambie "tulia." Hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie. Mpe kazi: "Mama, nakusikia, nataka kutuma gari. Nisaidie jambo moja tu. Uko mtaa gani?" Rudia kwa maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile, mara mbili au tatu. Mara ya tatu husikika.

2. Mahali, kabla ya kitu kingine chochote

Simu ikikatika baada ya kujua mahali, bado unaweza kutuma gari. Ikikatika ukiwa unajua ugonjwa na jina la mgonjwa lakini hujui mahali, umebaki na masikitiko.

Shuka kutoka kikubwa kwenda kidogo: wilaya, kata, mtaa au kijiji, kitongoji, kisha alama. Usiridhike na jina moja. Kwa Dar es Salaam, "niko Mbezi" hakujakwambia kitu: kuna Mbezi Beach upande wa barabara ya Bagamoyo na Mbezi Luis upande wa barabara ya Morogoro, na gari likielekea siko, foleni italimaliza. Majengo ipo karibu kila mji. Kwa hiyo uliza, "Mbezi ipi?" hata kama moyo unakwambia unaijua.

Nyumba nyingi sasa zina kibao cha anwani ya makazi. Mwombe mtu atoke nje akusomee namba na jina la barabara. Ukiviingiza kwenye NaPA, programu ya serikali ya anwani za makazi, vinakuonyesha nyumba. Kama kibao hakuna, tafuta alama isiyohama: mnara wa simu, shule, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga. "Pale kwa mama muuza chapati" si alama saa nane usiku, kwa sababu mama amelala. Uliza pia gari linafika mlangoni au linaishia wapi, na kama kuna mto au korongo lililojaa maji.

Kisha rudia ulichoandika: "Nimeandika kata ya fulani, mtaa wa fulani, nyuma ya shule ya msingi, geti la bluu. Ni kweli?" Subiri aseme ndiyo. Mwishoni mwa hatua hii omba namba nyingine ya simu, ya mtu aliye karibu na mgonjwa. Anayepiga mara nyingi ni shemeji aliyeko mjini, na mgonjwa yuko kijijini.

3. Fahamu na pumzi

Maswali mawili: "Ukimwita anaitika?" na "Anapumua kawaida?"

Neno "kawaida" usiliache. Ukiuliza "anapumua?" peke yake, jibu ni ndiyo karibu kila mara, kwa sababu mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kuvuta pumzi za kukoroma, moja moja, kama samaki aliyetolewa majini. Familia wakisikia kukoroma wanadhani amelala. Mpokea simu mgeni naye anaandika "anapumua" na kuendelea na maswali ya jina na umri.

Hapa ndipo saa ya ukutani inapofanya kazi. Sema hivi:

"Kaka, mlaze chali. Angalia kifua chake, usimguse. Kila kifua kikipanda niambie 'sasa'."

Kisha nyamaza, angalia mshale.

"Sasa... ... ... ... Dada, bado... ... sasa."

Kama kati ya "sasa" na "sasa" zimepita sekunde kumi, au anakoroma kwa kukatakata na haitiki, hapumui. Tuma gari papo hapo na uende hatua ya 8 kuanza kubonyeza kifua. Usitafute uhakika zaidi. Kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake unapiga kunaweza kumuumiza mbavu. Kutombonyeza yule ambaye moyo umesimama hakuna marekebisho.

4. Tafsiri maneno ya mpigaji

Kadi zinauliza dalili, lakini mpigaji anakupa neno la mtaani lenye magonjwa manne ndani yake.

"Ameanguka." Kateleza bafuni? Ana kifafa, ambacho wengi hukiita ugonjwa wa kuanguka? Upande mmoja umelegea ghafla? Kazimia? Uliza: "Uliona akianguka? Alikuwa anafanya nini kabla?" Kisha: "Mwambie atabasamu. Ainue mikono yote miwili. Aseme jina lake." Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka au maneno yakivurugika, huo ni kiharusi. Uliza saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima, na andika.

"Amezidiwa." Hili halina maana yoyote ya kitabibu na utalisikia kuliko yote. Jibu: "Unamwonaje kwa macho yako sasa hivi?"

"Amekata kauli." Hasemi tena. Pokea kama hatari ya juu mpaka uthibitishe vingine.

"Presha." Inaweza kuwa imepanda, imeshuka, au ana hofu tu. Iache presha, uliza kifua kinabana? Jasho la baridi? Maumivu yanakwenda mkononi au tayani?

"Amepandisha mashetani." Usibishane na mashetani, uliza: "Ana mimba? Miezi mingapi?" Mama wa miezi minane aliyegeuza macho, akakakamaa na kutupa mikono ana kifafa cha mimba mpaka daktari aseme vingine, hata kama sasa ametulia na wanasema shetani ameondoka. Uliza kama jana au leo alilalamika kichwa, kuona ukungu, au kuvimba uso. Kwa mtoto mwenye degedege ni hivyo hivyo: wapo wanaoamini sindano itamuua, na wanapiga simu huku wameshaanza safari ya kwa mganga. Usiwatukane. Waambie gari linakuja, wamlaze ubavu, na wabaki hapo hapo.

"Damu inatoka kidogo." Kidogo cha nani? Uliza kwa kipimo cha nyumbani: "Khanga ngapi zimelowa tangu ajifungue? Zimelowa chapachapa au madoa?" Siku moja shemeji aliniambia kidogo, nikamwomba simu ampe mama mkwe. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, khanga ya tatu hii, na godoro." Kutokwa damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi, na kunaweza kumaliza kazi ndani ya saa mbili. Khanga mbili zilizolowa chapachapa kwangu ni nyekundu, rangi ya hatari ya juu (hatua ya 5), bila mjadala.

"Chupa imepasuka." Uliza saa ngapi, maji ya rangi gani, na kama kuna kitu kinaonekana. Akisema kuna kamba inayong'aa kama utumbo, ni kitovu kimetangulia: mama apige magoti, kifua kiguse kitanda, makalio yawe juu, na abaki hivyo. Asisukume.

"Amekunywa kitu." Husemwa kwa kunong'ona, na kitu hicho mara nyingi ni dawa ya panya au ya shambani. Punguza sauti yako pia. Usiulize kwa nini. Uliza chupa iko wapi, imeandikwa nini, saa ngapi.

Mtego mwingine ni saa. Mpigaji akisema "uchungu umeanza saa mbili," anamaanisha saa mbili ya Kiswahili, asubuhi au usiku. Kompyuta inataka 08:00 au 20:00. Ukiandika 02:00 umempunguzia au kumwongezea mama saa sita za uchungu, na mkunga atakayempokea atafuata ulichoandika. Uliza "ya asubuhi au ya usiku?" kisha badilisha mwenyewe.

5. Mpe rangi

Usichelewe hapa. Rangi tatu zinatosha.

Nyekundu, gari linatoka ukiwa bado unaongea: haitiki, hapumui kawaida, amepaliwa na hawezi kukohoa wala kusema, damu isiyokoma, degedege inayoendelea, au hata mara moja kwa mjamzito, mkono, mguu au kitovu cha mtoto kimetangulia, mtoto mchanga halii, hanyonyi au amekuwa wa bluu, kifua kinabana na jasho, kiharusi, sumu, ameng'atwa na nyoka, ajali yenye mtu aliyerushwa au kubanwa.

Njano, gari linakwenda lakini linaweza kupishwa na nyekundu: mfupa umevunjika na anaongea vizuri, uchungu wa kawaida bila dalili ya hatari, homa kali kwa mtoto ambaye bado ananyonya na kutazama.

Kijani, hahitaji gari la dharura: kidonda cha wiki iliyopita, kwenda kliniki, kusafirisha maiti. Kijani usimkatie simu tu. Mwambie aende kituo gani na lini apige tena.

Ukisita kati ya rangi mbili, chukua ya juu. Na rangi si ndoa: mpigie njano kila baada ya dakika 15 na uulize upya, maana njano ya saa moja iliyopita inaweza kuwa nyekundu sasa.

Kosa la kawaida la wageni ni kumpa rangi mpigaji badala ya mgonjwa. Anayepiga mayowe hupewa nyekundu, anayeongea kwa upole hupewa njano. Wamama wa vijijini waliokwisha kuona mengi huripoti kifo kwa sauti ya kuagiza sukari.

6. Chagua gari na kituo

Gari la karibu si lile lililo karibu kwenye ramani, ni lile litakalofika kwanza. Pale Jangwani, Dar es Salaam, mvua ikijaa, gari lililo upande wa pili wa bonde liko mbali kuliko la Ubungo. Ramani zako nazo zirekebishe kwa kalamu: aliyezoea kuhesabu muda wa kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, inabidi afute hesabu hiyo, kwa sababu tangu 2025 watu wanapita darajani.

Kwenye 115 una njia ya ziada. Ambulensi ikiwa mbali au kazini, unamtumia dereva jamii, mwenye gari la kawaida aliyesajiliwa na mfumo, na malipo yake yanatumwa kwa simu akishamfikisha mama. Usimwone kama chaguo la aibu. Teksi inayofika dakika kumi ni bora kuliko ambulensi yenye king'ora inayofika saa moja na nusu.

Na kituo kiwe cha karibu kinachoweza kumhudumia. Mama ambaye kitovu kimetangulia ukimpeleka zahanati isiyopasua, umemlipia nauli ya kwenda kuandikiwa rufaa. Lakini anayevuja damu nyingi na hospitali ya upasuaji iko mbali sana, zahanati ya njiani inaweza kumwekea dripu na kumchoma dawa ya kukaza kizazi kabla ya kuendelea. Uamuzi huo usiubebe peke yako: mpigie daktari au mkunga wa zamu, gari likiwa tayari barabarani.

7. Mpe dereva kazi

Sema kwa mpangilio huu kila siku, mpaka madereva waujue kama wimbo: wapi, nini, namba ya kupiga, hatari, unampeleka wapi. Mfano:

"Nyekundu. Kijiji fulani, kitongoji cha sokoni, nyuma ya mashine ya kusaga. Mzazi anatoka damu. Namba ya shemeji nimekutumia. Daraja dogo lina maji, pita barabara ya shule. Hospitali ya wilaya."

Dereva arudie. Asiporudia, hajasikia. Usimpe historia ya ukoo, na usimwambie "kimbia": anajua, na ukimwongezea presha atagonga ng'ombe.

Kuna hatari ya ugomvi, risasi, moto au waya wa umeme? Gari lisimame mbali mpaka 112, 114 au mafundi wa umeme wafike. Mwambie hivyo mpigaji pia, ili asije akasema mmeogopa.

8. Baki kwenye simu

Gari limeondoka, lakini mikono iliyo karibu na mgonjwa ni ya mpigaji. Weka simu yake kwenye spika. Toa agizo moja, subiri litekelezwe, kisha jingine.

Hapumui: "Mlaze chini, sakafuni, si kitandani. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono inyooke. Bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita tano, acha kifua kipande, bonyeza tena. Hesabu nami kwa sauti." Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani mshale ukitembea sekunde kumi zipite kati ya 17 na 20. Akichoka, mwingine ashike bila kupumzika. Msiache mpaka wahudumu wamguse mgonjwa au aanze kupumua mwenyewe.

Damu ya jeraha: kitambaa safi, bonyeza hapo hapo, usifunue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, hesabu dakika. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna maji usoni, hakuna kitunguu.

Mtoto anatoka: usimvute. Mpokee, mfute kwa khanga kavu, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote. Kitovu kisikatwe kwa wembe wa dukani. Kiache mpaka gari lifike.

Kuungua: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai na asali vibaki jikoni.

Nyoka: asitembee, mguu usichezeshwe, vua bangili na viatu. Usichanje, usifunge kamba, usimfukuze nyoka kwa ajili ya picha.

Sumu: asitapishwe, asinyweshwe maziwa. Chupa ije naye.

Ajali ya bodaboda: wasimbebe mzobemzobe kumpakia kwenye Noah. Asisogezwe isipokuwa kuna moto au magari yanamkaribia, na helmeti wasiivute.

Nyekundu usimkatie mpaka asikie gari. Ukilazimika kupokea simu nyingine, mwambie: "Naweka simu pembeni dakika moja, endelea kubonyeza, narudi." Na urudi.

9. Ijulishe hospitali na uandike saa

Mpigie anayepokea: umri, tatizo, hali, dakika ngapi njiani. "Waandae damu" isemwe sasa. Andika nyakati saba: simu ilipoingia, gari lilipotumwa, lilipoondoka, lilipofika kwa mgonjwa, lilipoondoka naye, lilipofika hospitali, lilipokuwa huru. Ile ya mwisho ndiyo watu husahau, kisha gari linakaa nje ya hospitali saa nzima bila kazi huku unamwambia mtu "magari yote yametoka."

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Simu imekatika. Piga wewe, mara moja. Wengi wamezoea kubipu, na hata kama namba yenu ni ya bure wanabipu. Mlio mmoja uliokatika usiku upigie kama simu kamili. Haipatikani? Tuma ujumbe mfupi, na kama mahali unapajua, gari liendelee.

Mpigaji haongei Kiswahili vizuri. Mwombe kijana au mwalimu aliye karibu. Wewe nawe bandika ukutani orodha ya wenzako na lugha zao; kwenye mkoa wenye Wasukuma wengi, mlinzi wa getini anaweza kuwa mkalimani wako bora.

Mtoto ndiye anapiga. Usiombe mtu mkubwa kwanza, huenda mkubwa ndiye aliyelala chini. "Mdogo wangu, umefanya vizuri kupiga. Mama anaitika ukimwita? Jirani yenu anaitwa nani?" Mtume kwa jirani akiwa na simu mkononi.

Watoto wanacheza na simu. Likizo ya shule ni msimu wake. Uliza mahali kama kawaida. Mchezaji huishia hapo. Usimtukane, na usiizuie namba hiyo: simu ya nyumbani ni hiyo hiyo moja.

Simu kumi za ajali moja. Linganisha alama na saa. Lakini ya nane isikilize kama ya kwanza, kwa sababu inaweza kuwa na habari ya mtu wa pili aliye mtaroni.

Nyekundu mbili, gari moja. Anayekufa ndani ya dakika hutangulia anayekufa ndani ya saa. Wa pili mtafutie njia nyingine: gari la hospitali jirani, gari la polisi, dereva jamii, gari la mfanyabiashara wa kijijini, wakutane njiani. Mwamshe msimamizi. Andika sababu ya uamuzi wako wakati ule ule, si kesho ukiulizwa.

"Mbona hamfiki?" Sema dakika za kweli. Kwenye meza niliyoanzia kazi tulifundishwa kujibu "wako njiani, wanakaribia." Baba mmoja alisubiri kwenye "wanakaribia" dakika arobaini wakati jirani yake alikuwa na pikapu uani. Angeambiwa ukweli angeondoka. Mjini tunalaumiwa kwa kuchelewa. Kwa yule baba sikuwa na la kujitetea.

Wameshampakia kwenye bajaji. Usiwarudishe. Uliza rangi ya bajaji na barabara, panga mahali pa kukutana penye taa, mjulishe dereva wako. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto.

"Msije, ameshafariki." Usighairi gari kwa neno hilo. Rudi hatua ya 3, hesabu pumzi. Mwili ukiwa umekakamaa na wa baridi ni jambo jingine. Hapo toa pole, eleza utaratibu wa polisi na hospitali, na gari liwe huru.

Dereva hapokei. Piga mara mbili, namba ya pili mara moja, kisha gari jingine. Usipige mara kumi. Sekunde 90 bila jibu ni gari ambalo halipo.

Zamu inaisha na gari liko njiani. Mkabidhi mwenzako kwa mdomo, si kwa daftari peke yake: gari gani, kwa nani, limefikia wapi, namba gani ya kupiga. Akiwa bado anavua koti, simu ikiita, pokea wewe.